Mvua Nyuma ya Pazia

Usiku wa manane nilisikia maji yakimwagika nyuma ya pazia linalogawa fleti yetu hapa mtaani Berea, nikajua bomba limepasuka tena, nikambeba mtoto mgongoni, nikashika beseni, nikafunua pazia.

Jirani yangu, mama msusi kutoka Bukavu, alikuwa anatazama filamu kwenye simu. Maji niliyosikia yalikuwa mvua ya Taiwan. Kijana mmoja alikuwa amekaa dirishani anakula wali.

"Anakula tu, mama?"

"Anakula tu. Mwongozaji huyu hana haraka, ndiyo maana wanamsifu dunia nzima. Na kila filamu anamchukua mwigizaji huyuhuyu. Hapa bado kijana, kwenye ile ya mwisho ana mvi. Keti, mama mtoto."

Akaligusa shavu la yule kijana kwenye kioo cha simu.

"Mwanangu nilimwacha hajaota ndevu, na simu yake haipatikani tena. Huyu angalau nimemwona akikua."

Nikamhamishia mtoto wangu kifuani. Tukatazama mpaka wali ukaisha.

"Kanisani usiseme nalilia mtu wa filamu."

Kanisani sijasema. Nimewaambia nyinyi tu, wasomaji, na sitamwambia mtu mwingine.