Utafiti ni wangu, majibu ya mama

Leo nimefanyiwa utafiti nikiwa nimekaa palepale, na hakuna aliyeniuliza kitu 😂

Iko hivi. Mimi nina usonji, nina miaka thelathini na moja, na fomu ya kukubali kushiriki nilisaini mwenyewe.

Asubuhi mtafiti kafika nyumbani, Moshono. Kaka mstaarabu kweli. Kamwamkia mama shikamoo, kakaa, katoa karatasi zake, halafu kamgeukia mama.

"Mama, huyu kelele zinamsumbua?"

Mama anamenya ndizi, anajibu.

"Anapenda kukaa na watu?"

Mama anajibu. (Uongo mtupu, lakini nikanyamaza.)

Mimi nahesabu tu. Maswali kumi na moja!

La kumi na mbili: "Anajisikiaje kushiriki utafiti huu?"

Mama kaweka kisu chini. "Mwanangu, mimi nitajuaje? Si huyo hapo? Muulize."

Kaka wa watu kanigeukia, jasho linamtoka. "Eti dada, unajisikiaje?"

"Sasa hivi vizuri, maana ndiyo tunaanza. Rudi swali la kwanza."

Tumerudia yote. Mama kapata manne kati ya kumi na moja.

Amenuna mpaka sasa.

Wenye usonji wenzangu, mama zenu walipata ngapi?