Muziki wa Chini ya Habari

Juzi, dukani mjini Sumbawanga, televisheni ilipotangaza bei ya mahindi, niliutambua muziki wa shangazi yangu chini ya sauti ya mtangazaji.

Nilikuwa mdogo alasiri ile muziki huo uliposikika mara ya kwanza kwenye televisheni ya nyumbani. Sebule ilinukia uji wa ulezi. Bibi, aliyeiona kazi ya bintiye ya kutunga muziki kwa kinanda kuwa mchezo, alikubali kusikiliza. Muziki ulipoanza tu, mtangazaji akaanza kusoma habari, sauti yake ikiufunika. Nikamfokea, "Nyamaza, wewe! Bibi hasikii!"

Shangazi akacheka. "Mwache, mwanangu. Nimeutunga ili maneno yake yapite vizuri."

Nilidhani Shangazi anamwogopa mtangazaji. Lakini Bibi aliisogelea televisheni, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kumbe unambeba huyu msomaji mgongoni," akamwambia Shangazi. "Ongezeni sauti, nimsikie fundi wangu."