Wanawake Kumi na Mmoja na Hundi Moja

Mwaka ule maharage yalikubali Maretadu mpaka tukaishiwa magunia. Kikundi chetu cha wanawake kumi na mmoja kilimuuzia yote mfanyabiashara mmoja wa Katesh, mtu mpole wa maneno. Alitulipa kwa hundi. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kushika hundi, kwa hiyo tulinawa mikono kwanza, kisha tukaipitisha mmoja mmoja. Mimi, kama katibu, niliihifadhi ndani ya Biblia.

Benki ya Mbulu mjini iliikataa. Karani alinieleza kwamba akaunti ile haina kitu. Nilimpigia mnunuzi, akasema nijaribu wiki ijayo. Nikajaribu, ikakataliwa tena, nikapewa na barua ya benki inayosema hivyo. Nilipompigia mara ya pili alicheka, akasema hundi ni karatasi tu, na wanawake wa Maretadu hata njia ya kwenda polisi hawaijui.

Hilo la njia ndilo lililomuudhi mwenyekiti wetu, mjane wa makamo ambaye hapandishi sauti. Alisema kesho tunakwenda Katesh, sote. Nilimwambia inatosha aende katibu na hundi yake. Akaniuliza kama maharage nililima peke yangu.

Tulipata lori la Fuso lililokuwa linarudi tupu. Sijui nani alianza kucheka. Tulipofika mahali Mlima Hanang unapoonekana wote, tulikuwa tunacheka kila kitu: mbuzi njiani, kofia ya dereva, mimi niliyekumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Tulikwenda kushtaki, lakini tulikuwa kama wasichana waliotoroka bweni.

Askari wa zamu alikuwa kijana. Aliwaamkia wenzangu shikamoo mara kumi, mimi akaniruka. Alisoma hundi na barua ya benki, akatueleza kwamba mtu akitoa hundi huku anajua akaunti yake ni tupu, hilo ni kosa la jinai, si deni tu. Akamwita mnunuzi kwa simu.

Alikuja anatabasamu. Alidai alituambia tusiipeleke hundi benki mpaka atakapotupa ruhusa. Askari akauliza nani alikuwepo siku hiyo. Tukasimama sote.

Ikabidi aandike maelezo ya mmoja mmoja. Wa kwanza alianzia kwenye mvua za kupandia. Wa pili alianzia kwenye ndoa yake, kwa sababu shamba alilipata kwa ndoa hiyo. Wa tatu alieleza shati la mnunuzi kifungo kwa kifungo, akaomba asomewe upya, akasahihisha rangi. Nilijiuma midomo mpaka machozi yakanitoka. Askari aliinamia karatasi, mabega yakimtikisika. Lakini kila mmoja, baada ya kuzunguka kote huko, alifika palepale: mnunuzi alituambia twende benki kesho yake.

Wa nne alipovuta kiti, tabasamu la mnunuzi lilikuwa limekwisha.

"Afande," alisema, "naomba nikaongee na hawa mama nje."

"Ongea hapahapa," mwenyekiti akamjibu. "Hapa inaandikwa."

Akaongea. Alikiri kwamba alijua akaunti ni tupu wakati anaandika. Maharage yetu alikuwa ameshayauza, na fedha amenunulia gari. Kaka yake alitumwa akatafute fedha kwingine, na kabla ya saa kumi alituletea yote, noti kwa noti. Askari alimwonya mnunuzi kwamba kulipa hakufuti kosa, jalada linabaki na mwendesha mashtaka ataamua. Mnunuzi akaitikia kwa kichwa.

Tulicheza uani hapo kituoni. Askari akatuomba kwa adabu tukachezee nje ya geti, tukaenda kuchezea nje ya geti.

Tulipopanda gari la kurudi, wale ambao hawakufikiwa walianza kunung'unika. Walikuwa wamejiandaa tangu asubuhi, na hakuna aliyewasikiliza. Basi nikatoa daftari la kikundi, nikawaandika mmoja baada ya mwingine huku gari likiturusha, mpaka tukapita Basotu. Wa mwisho alianzia kuzaliwa kwa mama yake.