Majani ya Bibi Kwenye Maabara

Madamu wa Bayolojia alitutaka kila mmoja alete mmea ambao kwao hutibu vidonda. Mimi nilileta majani ya bibi, yale yanayoota pembeni mwa shamba lake la kahawa, na kabla hata ya jaribio nilishaanza kutembea kama daktari mkuu. Tulikamua maji ya kila mmea, tukachovya vipande vya karatasi, tukavibandika juu ya mchuzi wa nyama ulioganda kwenye visahani. Vijidudu tulivipata bure: tulisugua kucha za kiranja wetu.

Baada ya siku kadhaa visahani vyote vilikuwa vimechafuka na kunuka kama soksi za bweni. Changu tu ndicho kilikuwa na duara safi kuzunguka karatasi. Darasa zima likapiga meza. "Profesa! Profesa!"

Jumapili baada ya misa nikaifikisha habari nyumbani kwa sauti ya katekista anayesoma matangazo: "Mnatangaziwa kwamba dawa ya bibi imefaulu daraja la kwanza!" Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Muuguzi wa zahanati alishawahi kumgombeza mbele za watu kwa ajili ya majani yale.

Baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni, mguu kaunyoosha. Jembe lilimkata kwenye muundi akichimba ngoro, yale mashimo yetu ya kupandia mahindi mlimani, na alikuwa akipanda kilima kwenda zahanati kusafishwa kidonda.

"Sasa, baba mdogo," nikamwambia, "foleni ya nini, na bingwa unakula naye ugali?"

Hakwenda tena.

Shuleni Madamu akasema jaribio la mara moja si jaribio. Akayashika majani mapya niliyoleta, akayageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haya mnayaosha?"

"Hapana, Madamu. Kwetu mwiko. Ukiyaosha, nguvu inaondoka na maji."

"Na hii buluu?"

Mtoto gani wa Mbinga asiyeijua buluu ile? Ni mrututu, dawa tunayoipulizia kahawa isiugue. Madamu akaosha nusu ya majani, nusu akayaacha. Yaliyooshwa hayakuua kitu. Karatasi aliyoichovya kwenye maji ya mrututu mtupu ikatoa duara kubwa kuliko zote.

"Profesa wa mrututu!" wakanizomea. Na mimi nikacheka, kwa mazoea tu. Kisha nikaukumbuka mguu.

Nyumbani nilimkuta bibi kapiga magoti, anambandika mwanawe majani. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo, ngozi inang'aa. Njiani nilikuwa nimepanga kuanza na mzaha, ukagoma kutoka. Nikaropoka yote, mrututu, kuosha, duara, mbele ya mama jirani aliyekuja kumwombea mtoto wake majani yaleyale.

Bibi hakunitazama. Aliyabandua jani moja moja, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha.

"Mama yangu hakuwa na kahawa," akasema. "Aliyachuma porini, kule Tingi. Huko nani angepulizia?"

Jirani akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka mikono mitupu. Bibi akamsindikiza kwa macho hadi alipopotea kwenye migomba.

"Mpeleke zahanati," akaniambia. "Sasa hivi."

Tulipanda kilima baba mdogo akiniegemea begani. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alipokiona kidonda akavuta pumzi.

"Nani alikwambia uache kuja?"

Nikaangalia sakafu. Baba mdogo alikuwa amekaza meno, pamba imemfika kwenye nyama.

"Uvivu wangu tu, sista," akasema. "Kilima kile."

Akagombezwa yeye, mtu mzima, nami nimesimama pale nimeshika beseni la pamba chafu. Maneno yangu yote ya darasani, hata moja halikuja la kusema si uvivu wake, ni mimi.