Mashua Niliyoijaza Maji

Mama aliuza mtamba wake ili mimi ninunue mashua, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuona mashua. Kwetu Kilema, maji mapana kuliko yote aliyoyajua yalikuwa mfereji unaopita katikati ya migomba, ambao hata mbuzi anauruka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikuwa limejaa miaka michache tu kabla, na habari za samaki wake zilikuwa zimeshapanda mlima hadi kwetu. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa. Nilibeba misumari na saruji katika duka la familia moja ya Kihindi pale Moshi, nikakata miwa kule tambarare, nikawa utingo wa lori la Sanya Juu. Kila kazi niliipenda mpaka nilipoielewa. Nikishaielewa, miguu ilianza kuwasha.

Kaka yangu mkubwa alimwambia mama mbele yangu, "Ng'ombe wako anakwenda kuzama."

"Akizama, atazama mara moja," mama alijibu. "Sina mwingine." Kisha akanigeukia. "Na wewe chagua kama mtu asiyechagua tena."

Hayo maneno yalinikaa kifuani njia nzima, kutoka Himo juu ya magunia ya mahindi ya lori hadi mwisho wa barabara, na kutoka hapo kwa miguu. Nikifanya kosa, mama angebaki na zizi tupu na mwanawe angekuwa kichekesho cha ukoo.

Kwa hiyo sikununua siku ile, wala wiki ile. Nilijitolea kubeba samaki wa watu na kukumba maji katika mashua zao kwa kopo, nikawa nauliza maswali hadi wakanichoka. Kwa nini hii imeinuka pua? Kwa nini yule anakaa nyuma? Nilijifunza mambo mawili ambayo juu mlimani hakuna mtu angeniambia. La kwanza, bwawa lile lilifunika pori likiwa bado limesimama. Vichwa vya miti mikavu vilichomoza majini, na visiki vingine vilijificha kiasi cha kiganja tu chini ya maji. La pili, maji yalipungua sana wakati wa kiangazi, na mashua ilibidi iburutwe kwenye tope mbali sana kabla ya kuelea.

Mashua za kuuzwa zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa mtumbwi wa gogo moja, mwembamba. Niliingia, nikapiga chafya, ukataka kunimwaga. Nikatoka.

Ya pili ilikuwa nzuri hadi ikanitia aibu kuitazama. Ilikuwa na rangi ya buluu mpya, pua iliyochongoka, na chini yake uti wa mbao uliosimama kama ukingo wa shoka. Mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi aliyevaa kofia ya sufu hata saa sita mchana. "Hii inakata mawimbi, ndugu," aliniambia. "Ukipita nayo, wengine wataomba kujua jina lako."

Ya tatu haikuwa na rangi. Ilikuwa bapa chini, pua imekatwa kama sanduku. Aliijenga fundi mzee aliyetoka kandokando ya Ziwa Victoria, mtu mkimya. Nilipomwamkia shikamoo na kumuuliza sifa za ile mashua, alisema, "Ni mashua," akaendelea kuchonga kasia.

Nitasema ukweli, moyo ulikuwa kwenye ile ya buluu. Nilishaanza kujiona nikipita nayo. Lakini nilikumbuka anavyofanya mama akiletewa pipa jipya la mbao la kutengenezea mbege, pombe yetu ya ndizi. Hamwamini fundi wala hasikilizi sifa. Analiweka juu ya mawe, analijaza maji, kisha anazunguka nje akilipapasa kwa viganja. Maji yakiwa ndani, mbao haziwezi kusema uongo.

Nikaomba ruhusa, nikaziinua zote mbili juu ya mawe kwa msaada wa watu, nikaanza kubeba ndoo.

"Unafanya nini?" mwenye kofia aliuliza.

"Naipima."

"Mashua inakaa juu ya maji, bwana! Tangu lini maji yakakaa juu ya mashua?"

Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki pale ufukweni alishika kiuno. "Mwacheni Mchagga, kaona pipa la mbege! Subirini kidogo, ataleta na ndizi."

Walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mwenye kofia, kwa kuwa watu walikuwa wengi, hakutaka kuonekana anaogopa. "Jaza," alisema. "Jaza zote mbili, ujichoshe." Fundi mzee aliweka kasia chini, akachukua ndoo, akanisaidia.

Jioni, mashua zote mbili zilikuwa zinadondosha. Nilichoka mwili na roho. Nikadhani nimejiaibisha bure, na kwamba hakuna mashua isiyovuja duniani.

"Mti mkavu lazima ulie kwanza," fundi alisema. "Ukishiba maji unavimba, unajifunga. Njoo asubuhi."

Asubuhi nilifika kabla ya wauza uji. Ile bapa ilikuwa imekauka nje, na maji ndani yalikuwa palepale nilipoweka alama ya mkaa. Ile ya buluu ilikuwa imebaki nusu. Rangi yake ilikuwa imevimba malengelenge chini ya ubavu. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Ubao ulikuwa umeoza, umejazwa unga wa mbao na lami, kisha ukapakwa rangi juu.

"Hiyo ni kuziba tu," mwenye kofia alisema. "Kazi ya siku moja."

"Basi izibe," yule mama wa samaki alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, "halafu uende nayo wewe."

Safari hii walicheka upande wangu. Wazee wawili walikuja kupapasa ubavu wa ile bapa kwa viganja, kama nilivyofanya mimi. Nilinunua ile mashua mchana uleule. Watu wengine walianza kuweka mashua zao juu ya mawe, na kwa muda mrefu ufukweni pale kupima mashua hivyo kuliitwa kupika mbege.

Sisemi haikuwa na kasoro. Upepo wa alasiri ulipoinua mawimbi, ilipiga makofi juu ya maji hadi meno yakagongana, na kuigeuza ilikuwa kama kumgeuza ng'ombe kwenye kichochoro. Lakini nilikwenda nayo kwenye perege waliokaa katikati ya ile miti mikavu, mahali ambapo mashua zenye uti chini hazikuthubutu. Nilirudi nayo imejaa samaki, siku baada ya siku.

Kiangazi kilichofuata mama alishuka. Alivaa kanga zake za Pasaka, akabeba mkungu wa ndizi kama anakwenda kwa wakwe. Aliizunguka mashua, akaigonga ubavuni, akainusa. Kisha akavua viatu, akaingia.

Nilipiga kasia. Alishika kingo kwa mikono yote miwili, midomo ameikaza, macho mbele. Katikati ya miti, chini yetu kitu kilikwaruza kwa sauti ndefu.

"Nini hicho?"

"Kisiki, mama. Tumepita juu yake."

Alitazama nyuma, akakiona kichwa cheusi kikibaki majini. "Na ile ya rangi, uliyonisimulia, ingepita?"

"Isingepita."

Aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Niliacha kupiga kasia nikimtazama. Alijiweka sawa katikati ya ubao, kama anavyokaa kanisani kwenye kiti cha mbele. Mbali kule mashua nyingine mbili zilikuwa zimetega nyavu, wavuvi wake wakitutazama.

"Mbona umesimama?" aliniuliza. "Sogea mbele. Wale wana samaki gani ambao sisi hatuna?"