Ulaya ya Mlango wa Pili

Siku ya mahojiano waliniuliza maswali mengi, na moja tu ndilo lililonishinda. Walikuwa wanawake watatu, wawili Wazungu na mmoja wa kwetu, wameketi nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe katika chumba cha hoteli moja mjini. Chama chao, cha wanawake wenye shahada huko ng'ambo, kilikuwa kikitoa ufadhili kwa wanawake wa nchi nyingine waende kusomea shahada ya pili. Mimi nilitaka kusomea mipango ya miji. Pendekezo langu lilihusu Dandora, mtaa mpya pembezoni mwa jiji, ambako watu walikuwa wakipewa kiwanja chenye choo na bomba la maji, kisha wajijengee vyumba wenyewe. Nilikuwa nimeliandika upya mara nyingi hata nikaweza kulisema lote bila kutazama karatasi. Walipouliza habari za Dandora sikukwama hata kidogo.

Kisha yule wa kwetu, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaniuliza kwa Kiswahili:

"Una mtoto. Nani atakaa naye?"

"Mama yangu."

"Amezoea kukaa bila wewe?"

Mwishowe nikasema, "Atazoea."

Akaandika kitu, na mahojiano yakaisha.

Sikufika mbele ya meza ile kwa njia ya kawaida. Baada ya kidato cha nne, ada ilienda kwa kaka zangu, nami nikatafuta kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya wakili karibu na mahakama za Makadara. Kidato cha tano na cha sita nilijisomea, mtihani nikaufanya kama mtahiniwa wa nje. Shahada nayo niliisoma kwa posta. Vitabu niliazima maktaba, nikanakili sura nzima nzima kwa mkono, na nikikosea neno moja nauchana ukurasa na kuanza tena. Hata leo niko hivyo. Aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia kwamba hapo panatosha.

Mtoto alikuja katikati ya masomo hayo. Baba yake tuliachana kabla hajazaliwa, na kwa desturi ya kwetu nikampa jina la mama yangu. Kwa hiyo mimi nilimwita "mama", kama tunavyowaita watoto waliochukua majina ya mama zetu, na mama yangu akamwita "mwenzangu". Tulikuwa watatu tu katika nyumba yetu ya baraza la jiji pale mtaa wa Jericho. Baba alikuwa amestaafu na kurudi shambani Murang'a. Mama akabaki kwa sababu ya kibanda chake cha mboga sokoni. Mama alilala chumbani. Mimi na mtoto tulilala sebuleni nyuma ya pazia, kwenye kitanda chembamba ambacho mmoja akigeuka, na mwingine lazima ageuke.

Nilipomweleza mama swali lile, aliendelea kukata mboga ya sukuma bila kunitazama.

"Na ulisema nini?"

"Nilisema atazoea."

"Basi aanze leo. Mtoto haachishwi ziwa siku ya safari."

Jioni hiyohiyo mto wa mtoto ukahamia chumbani. Tulikubaliana kwamba shosho, yaani bibi yake, ndiye atakayemwogesha, atakayemlisha na kumlaza, na mimi nisionekane mpaka alale. Lakini nyumba ya vyumba viwili haina mahali pa kujificha. Nikitoka kazini nikawa napita mlango wetu na kubisha kwa jirani, mama mmoja kutoka mkoa wa Magharibi ambaye mume wake alifanya kazi reli.

"Karibu Ulaya!" aliniambia jioni ya kwanza. "Hapa kwetu hakuna theluji, ni moshi tu. Shika hii samaki utoe magamba. Wanafunzi wa huko wanajipikia, hujui?"

Mume wake akirudi na kunikuta kwenye kigoda huuliza, "Bado hujarudi kwenu?"

"Ndege imechelewa, baba."

"Ah, hata yetu ya reli inachelewa, na hiyo iko kwa chuma."

Tulicheka, lakini sikio langu lilikuwa ukutani. Kuta za nyumba zile hazifichi kitu. Nilimsikia mtoto akiuliza, "Mama wapi?"

"Ameenda Ulaya."

"Atarudi lini?"

"Ukilala."

"Basi nalala."

Nikasikia kitanda kikilia.

"Shosho, nimelala. Amerudi?"

Majuma ya kwanza alilia. Alilia kwa hasira, akipiga ukuta kwa kiganja, upande wa pili tu wa mahali nilipoketi. Jirani alininyang'anya kisu.

"Enda basi! Mtoto analia na wewe uko hapa unaharibu samaki yangu."

"Nikienda leo, kesho tutaanza upya."

"Nyinyi watu wa vitabu! Hata kulia kwa mtoto mnataka kufanyia mtihani."

Alikuwa amesema kweli. Nililifanya jambo lile kama nilivyofanya masomo yangu yote, bila kukosa hata jioni moja. Kila Jumamosi, ambayo zamani ilikuwa siku yetu ya kufua na kusukana nywele, nilikwenda Dandora kupima vyumba na kuwahoji wenye viwanja. Kazi ikimalizika mapema sikurudi. Nilikaa juu ya mawe ya ujenzi ya mtu nikatazama moshi wa jaa la taka, nikiuacha mchana upite ili mtoto azidi kuzoea. Mama mmoja pale alikuwa amemaliza chumba kimoja tu, na kuta za chumba cha pili zilimfikia kiunoni. Watoto walikuwa wakiruka ukuta huo kana kwamba umejengwa kwa ajili ya mchezo. Nilimuuliza atamaliza lini.

"Hii haimalizwi, msichana. Tunakaa huku tukijenga."

Nililiandika jibu lake vizuri kwenye karatasi zangu, nikaona ni jibu kuhusu nyumba.

Nataka nieleweke: niliitamani safari ile kwa namna inayoumiza. Sikutamani ndege wala makoti. Nilitamani meza yangu mwenyewe na mlango wa kuufunga. Zaidi ya yote nilitamani mwalimu. Katika maisha yangu ya utu uzima hakuna mtu aliyewahi kukaa mbele yangu na kuniambia, hapa umekosea, na sababu ni hii. Alama zilikuja kwa posta, nambari tupu. Nikiwa kazini, napiga taipu hati ya madai ya mtu aliyegombania ukuta na jirani yake, nilikuwa nikimwona mwalimu huyo akipitia kazi yangu kwa kalamu nyekundu, nami nimeketi kando yake, nikikosolewa. Machozi yalinilengalenga kwa kulitamani jambo dogo kama hilo.

Mtoto akazoea. Hakuna siku ninayoweza kuitaja. Kilio kilipungua, maswali yakapungua, kisha jioni moja jirani hakuwepo nami nikalazimika kuingia kwetu mapema. Mtoto alikuwa mezani na bakuli lake. Alinitazama, akageukia jikoni na kuita, kwa sauti ileile ya mama yangu:

"Shosho! Yule msichana amekuja."

Mama alicheka jikoni. Kisha akaacha ghafla, akatoka na kunipokea mkoba, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

Baadaye mtoto aliugua surua. Mwili ulikuwa unachoma, macho yamevimba. Nilimnyanyua kutoka kitandani nikamkumbatia, naye akajinyoosha juu ya bega langu, mikono yote miwili mbele, akimwendea mama. Nilimpa. Akanyamaza papo hapo.

"Usilie," mama aliniambia, akimtikisa taratibu. "Si ndicho ulichokitaka?"

Hakusema kwa ubaya. Nilimjibu kwamba ndicho.

Jibu la chama lilikuja kwa sanduku la posta la ofisi. Hawakunichagua. Walilisifu pendekezo langu, wakanihimiza niombe tena mwaka ufuatao. Nilisoma, nikaweka karatasi kwenye mkoba, nikamaliza kupiga taipu nilichokuwa nacho bila kosa hata moja. Jioni miguu ikanipeleka kwa jirani kama kawaida, na yeye ndiye aliyesikia kwanza.

"Kwa hivyo hakuna kwenda?" alisema. "Pole, dada. Sasa rudi kwa mtoto wako."

Lakini mama aliponiuliza, "Mwenzangu arudi kwako?" nilisema hapana. Nilisema nitaomba tena, na nikipata tutalazimika kumzoeza upya, na kumzoeza mara mbili ni ukatili. Wakati huo niliona ni hoja nzuri. Mama akaenda kufunga mlango wa nyuma.

Ndivyo nilivyoishi mwaka mzima. Sikuwa tena na sababu ya kujificha kwa jirani, basi nilikaa sebuleni nikisoma, nyumbani kwangu, kila jioni. Mtoto akimaliza kula alikuja kunipa mkono, kama anavyowapa mkono wageni waliotoka kanisani, akaingia chumbani. Nilisikia wakisali, kisha wakinong'ona, kisha wakicheka kwa jambo ambalo sikulijua. Nilimwonea mama yangu wivu. Nasema hivyo wazi kwa sababu niliuficha wivu huo kwa muda mrefu, nikijiambia kwamba nilichokuwa nacho ni uchovu.

Mwaka ulipozunguka niliomba tena. Majuma machache baada ya kupeleka maombi, baba aliugua, na mama akaenda Murang'a kumtazama. Mtoto akalala nami. Alipanda kitandani na mto wake, akapiga godoro kwa mkono kunionyesha mahali.

"Wewe lala huko kwa ukuta. Mgeni analala kwa ukuta."

Nililala kwa ukuta. Asubuhi nilipokuwa nikimvisha viatu nilimuuliza jambo nililokuwa naliogopa.

"Mama, nikienda Ulaya, utalia?"

Alifikiri vizuri kabla ya kujibu.

"Hapana. Shosho yuko."

Alisema akitabasamu, akiningoja nimsifu. Nilifunga kamba ya kiatu, nikaifungua, nikaifunga tena.

Ninaandika haya na jibu la mara ya pili halijafika. Bado nalitaka. Kila asubuhi nafungua sanduku la posta la ofisi kabla ya kuvua sweta, na usingizini bado namwona yule mwalimu na kalamu yake. Lakini mama aliporudi kutoka shambani, kabla hata hajaweka chini kikapu cha viazi, nilimwambia:

"Kuanzia leo mtoto analala kwangu."

"Na Ulaya?"

"Wakiniita nitakwenda."

"Siku hiyo atalia sana."

"Alie."

Mama aliketi, akaanza kufungua kitambaa cha kichwa. "Na leo je? Maana leo pia atalia, na hatakuwa anakulilia wewe."

"Najua."

Alilia. Alimlilia shosho, akapiga ukuta kwa kiganja, kutoka upande huu wa sebule, akaniambia mimi ni msichana mbaya na kitanda changu ni kidogo. Sikuwa na somo lolote nililosoma kuhusu hilo. Nilimwambia, "Lia, mama. Shosho yuko hapo, kesho utamwona." Upande wa pili kitanda cha mama kilitoa mlio, nikajua ameketi na ametega sikio, lakini mlango haukufunguka. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Halafu, bila kunigeukia, akaanza kujitafutia nafasi kwa miguu, akanisukuma hadi ukingoni, na unyayo wake mmoja ukanikanyaga tumboni ukakaa hapohapo.