Amplifaya Iliyozikwa Lobule

Sauti ya bendi yetu niliitengeneza mimi, kwa wembe. Kabla ya 1979 bendi zote za Arua na Koboko zilipiga rumba, maana ndiyo iliyotakiwa kwenye mabaa na kantini za jeshi. Sisi vijana wanne tulitaka roki ile tuliyoisikia redioni, magitaa yanayokwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. Amplifaya yetu ilikuwa nzima na sauti yake ilikuwa laini mno. Nikafungua ubao wa nyuma, nikaichana karatasi ya spika kwa wembe wa kunyolea. Wenzangu walitaka kunipiga. Nilipochomeka gitaa na kugusa waya wa kwanza, wakanyamaza.

Nilikuwa nimeishia darasa la saba tu. Watu wa Arua husema akili nimeipata Khartoum. Diploma ndiyo niliyoipata Khartoum. Akili nilikwenda nayo.

Serikali ilipoanguka mwaka huo wa 1979, kila nyumba ya Koboko ilichimba. Watu walifukia mabati, cherehani, baiskeli, hata sufuria, halafu wakajitayarisha kukimbia. Lakini waporaji walijifunza upesi. Walimwaga maji uani, na pale yaliponywewa haraka ndipo walipopiga jembe. Mwimbaji wetu ndiye aliyesema tuvifiche vyombo vya muziki kaburini, kwa sababu hakuna askari aliyetaka kufukua kaburi bichi msimu ule. Basi nyuma ya nyumba yake, Lobule, tulichimba shimo la urefu wa mtu. Tukashusha gitaa langu, gitaa la besi na amplifaya iliyofungwa kwa turubai. Tukainua tuta, tukasimika msalaba wa mti usio na jina.

"Mutu moja alie kidogo," mwimbaji alisema, "majirani waone."

Mpiga dramu akajitupa juu ya tuta akiomboleza kama mjane, na sisi tukageuza nyuso tusionekane tukicheka.

Tukaachana hapohapo. Mimi na mpiga besi tulielekea Sudan, mpiga dramu Zaire. Mama wa mwimbaji alikuwa ameshatangulia Zaire na wajukuu. Mwimbaji mwenyewe alisema ana mbuzi wa kutafuta kwanza, angetufuata. Hakutufuata, na katika miaka yote ya kambini sikukutana na mtu aliyemwona tena.

Ya Sudan sitayasimulia yote. Nilibeba magunia sokoni mpaka mabega yakaota sugu, nikasoma jioni, nikajifunza Kiarabu cha vitabuni, nikapata diploma ya umeme na redio huku wenzangu wengi wakilala wakingoja mgao wa unga. Nilirudi Arua mwishoni mwa miaka ya themanini, nikafungua duka la kutengeneza redio. Mlangoni niliandika neno diploma kwa herufi kubwa kuliko jina la duka. Aliyeona vibaya alikuwa huru kupeleka redio yake kwingine, ila hapakuwa na kwingine.

Mpiga besi nilimkuta akiuza samaki wakavu Koboko. Mpiga dramu alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli papo hapo Arua. Nikawaambia tutatoa albamu, kanda yetu ya kwanza, nyimbo zetu za zamani. Vitu viwili tu tulivyovihitaji vilikuwa Lobule: ruhusa ya mama wa mwimbaji, kwa kuwa nyimbo nyingi zilikuwa za mwanawe, na amplifaya yetu. Bila ile spika iliyochanika tungekuwa bendi nyingine.

Mama alitujua kabla hatujafika mlangoni. Alikuwa amekonda, lakini alitupikia ugali wa muhogo na kunde, akatuita watoto wake mmoja mmoja. Tulipomaliza kula alisimama, akasema, "Kuja, salimia ndugu yenu."

Akatupeleka nyuma ya nyumba.

Tuta letu lilikuwa limefagiliwa. Mawe yaliyopakwa chokaa yalilizunguka, na mahali pa msalaba wetu wa mti palikuwa na msalaba wa mbao uliorandwa, wenye jina la mwanawe kwa rangi nyeusi.

"Mimi kurudi toka Zaire," alisema, "nyumba hapana, mbuzi hapana, nakuta hii tu. Wamama wengine hapa hapana hata tuta ya kufagia. Lakini mimi, kuna mutu alizika mtoto yangu vizuri, akaweka na msalaba. Mimi naombea huyu mutu kila siku."

Mpiga dramu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nyimbo mutachukua," mama aliendelea. "Ila hapana imba kama matanga haijaisha. Kaburi ya baba yake iko na simenti, yake iko udongo tu. Mutie simenti, mupige muziki yake, mimi nisikie. Halafu muende."

Tulipofika barabarani mpiga besi alisimama.

"Bwana Diploma, gitaa yangu iko chini pale."

"Najua. Nililishika upande mmoja tukishusha."

"Basi tumwambie ukweli."

"Ukweli gani?" mpiga dramu aliuliza. "Tutafukua, tutatoa gitaa mbili na sanduku ya muziki. Yeye atauliza, na mtoto yangu iko wapi? Wewe utajibu nini, muuza samaki?"

"Pengine iko hai."

"Kama iko hai, miaka hii yote anatafuta mbuzi?"

Sote tulikuwa tumewaona wale mama kambini ambao hawakuwa na kaburi. Kila lori lilipoingia walikwenda kutazama nyuso. Wengine walikuwa bado wanakwenda.

Nikawaambia simenti naitoa mimi. Amplifaya nitaiunda kwa mikono yangu. Wapo wasomi wenye shahada ambao wangesimama pale na kuhubiri ukweli. Nimekutana nao. Mimi niliamua njiani, nikiwa nimesimama, na mpaka leo sijaona aliyenipa shauri bora.

Siku ya matanga nilikoroga zege mwenyewe. Katekista alisoma sala, na ndugu waliokuwa wamerudi wakaleta kwete, ile pombe ya nafaka. Mpiga besi ndiye aliyelainisha simenti kwa mwiko. Alipofika pale upande wa kichwa, ambapo gitaa lake lilikuwa limelazwa, alipitisha mwiko tena na tena mpaka nikamwambia inatosha, itapasuka. Kisha tulipiga kwa magitaa ya kuazima, na mama akacheza polepole akiwa amejifunga kitenge kiunoni, akilizunguka lile kaburi.

Albamu tuliirekodi katika ukumbi tuliokodi Ediofe. Amplifaya mpya niliiunda kuanzia transfoma mpaka kitufe cha mwisho, na hakuna fundi mwingine West Nile wakati ule aliyeweza kazi hiyo. Spika yake nayo nilijaribu kuichana kwa wembe. Ilitoa sauti ya nzi ndani ya kopo, ikafa. Nikanunua nyingine, nikaiacha nzima. Mpiga dramu aliimba sehemu za marehemu. Kanda ziliuzwa Arua na Koboko, na nyingine zilivuka mpaka hadi Ariwara, upande wa Zaire. Kijana mmoja aliisikiliza dukani kwangu akitikisa kichwa.

"Safi sana, mzee," alisema. "Bendi yenu iko kama kwaya."

Nilimuuzia betri, nikaendelea na kazi.

Baada ya misimu kadhaa ya mvua mama alituma ujumbe. Simenti ilikuwa imepasuka katikati na kudidimia. Tulikwenda watatu, na mfuko wa simenti nyuma ya baiskeli ya mpiga dramu. Mama hakuwa na huzuni. Alikuwa ameketi kando ya ule ufa, na redio ya kaseti miguuni pake ikicheza upande wa kwanza wa kanda yetu.

"Sanduku imeoza," alisema. "Hata ya baba yake ilifanya hivi. Sasa yeye anapumzika."

Mahali zege lilipozama palikuwa na upana wa amplifaya. Nilijua ni ubao gani ulioachia, ule wa nyuma, nilioufungua kwa bisibisi nikiwa kijana. Mpiga besi alichuchumaa, akaanza kujaza kokoto kwenye ufa kwa mkono, moja moja, bila kutazama ndani.

"Nyinyi munatembea sana," mama alituambia. "Hapana sikia nani alizika yeye? Mimi nataka shukuru yeye kabla ya kufa."

Wenzangu walinitazama mimi.

"Watu hao walihama, mama," nikasema. "Walikwenda mbali."

"Ukikuta wao, salimia sana."

Nikamwambia nitawasalimu, nikamwagia simenti maji.